Mteja Anapouliza Njia: Tovuti ya Biashara Ndogo

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu zama zile ambapo fundi alijulikana na kijiji kizima, na mwenye kutaka kitanda hakuwa na haja ya kuuliza mlango wa kubisha. Lakini katika miji yetu ya leo, ambamo mtu aweza kukaa mtaa mmoja na fundi hodari kwa miaka kumi asimjue, kizuri hakijiuzi mpaka kwanza kionekane. Kwa hiyo leo napenda tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi zenye biashara ndogo hulitolea fedha bila ya kulielewa vizuri, nalo ni kutengeneza tovuti.

Nitaanza na kisa cha jirani yangu. Yeye ni seremala, na karakana yake iko Keko, Dar es Salaam, mahali panaposifika mji mzima kwa kazi ya mbao. Mkewe hushona mito na vitambaa vya makochi. Mwaka 2023, zamu ya mama huyo katika upatu ilipofika, mume na mke walikubaliana kwamba fedha zile zisinunue cherehani ya pili kama walivyokusudia, bali zitengeneze tovuti ya biashara yao. Kijana mmoja aliyejiita mtaalamu alipewa kazi hiyo. Baada ya majuma mawili aliwaonyesha kitu cha kupendeza macho: picha zinazopokezana zenyewe, rangi za dhahabu, na maandishi makubwa yasemayo, "Karibu Katika Ulimwengu wa Ubora Usio na Kifani."

Mwaka ukapita. Hawakupata hata mteja mmoja aliyesema kwamba amewaona huko.

Mwaka 2024 binti yangu alikuwa anakaribia kuolewa, nami nikataka kumtengenezea kitanda. Jioni moja nikaandika katika simu yangu, "kitanda cha mninga Keko." Yakaja majina mengi ya watu nisiowajua. La jirani yangu halikuwamo. Kesho yake nikamwendea.

"Fundi," nikamwambia, "jana nimekutafuta sana, sikukuona."

"Umenitafuta wapi, mzee wangu?" akaniuliza kwa mshangao. "Mimi nipo hapa hapa kila siku."

Tuliketi pamoja, yeye, mkewe na mimi, tukaisoma ile tovuti yao neno kwa neno. Tulikuta "ubora", tukakuta "kisasa", tukakuta "suluhisho kamilifu la samani". Neno "kitanda" halikuwamo. Neno "mninga" halikuwamo. "Keko" haikutajwa popote. Bei na namba ya simu zilikuwa zimechorwa ndani ya picha. Kwa ufupi, familia ile ilikuwa imejenga duka zuri lisilo na kibao, katika mtaa usio na jina.

MTAMBO UNAVYOTAFUTA

Ili tuelewe kosa lilikuwa wapi, yafaa kwanza tujue mtambo wa kutafutia unavyofanya kazi. Unaotumiwa zaidi duniani ni Google, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na vijana wawili, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Watu wengi hudhani kwamba mtu anapouliza, mtambo huo hukimbia dakika ile ile kupekua tovuti zote za ulimwengu. Sivyo.

Mtambo hufanya kazi tatu. Kwanza, programu zake huzunguka mchana na usiku zikisoma kurasa na kufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, yaliyosomwa huwekwa katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu, inayoonyesha kila neno linapatikana katika kurasa zipi. Tatu, mtu anapouliza, faharasa hiyo hupekuliwa, na kurasa zinazoelekea kumfaa hupangwa kwa daraja.

Hapo ndipo penye siri yote. Ukurasa usiotaja kitanda una nafasi ndogo mno ya kuletwa mbele ya mtu anayeuliza kitanda. Tena, haifai kutegemea kwamba mtambo utasoma maandishi yaliyochorwa ndani ya picha kama unavyosoma maandishi ya kawaida. Jirani yangu alikuwa na kazi njema, ila tovuti yake haikuwa imesema ni kazi gani, wala inafanyika wapi.

MANENO NI YA MTEJA

Neno "samani" ni Kiswahili fasaha, na mimi mwenyewe nalipenda. Lakini je, ndugu msomaji, wewe ukihamia nyumba mpya husema kwamba unakwenda kununua samani? Aghalabu husema unataka makochi, meza ya chakula, kabati la nguo, au kitanda cha sita kwa sita. Na mzazi mwenye watoto wawili katika chumba kimoja haulizi "kitanda cha ghorofa". Huuliza "dabo deka". Maneno hayo hayo anayoyasema dukani ndiyo anayoyaandika katika simu.

Mama wa nyumba ile ndiye aliyelielewa jambo hili upesi kuliko sisi wanaume. Alichukua daftari la shule, akaliweka karibu na mlango wa karakana, na kwa muda wa mwezi mzima akaandika kila swali lililoulizwa na kila aliyeingia au kupiga simu, kwa maneno yake mwenyewe bila kuyasahihisha. "Kitanda cha tano kwa sita cha mninga bei gani?" "Mnatengeneza dabo deka za chuma au za mbao?" "Mnaleta mpaka Mbagala?" "Kabati la milango mitatu huchukua siku ngapi?" "Mnabadilisha vitambaa vya makochi ya zamani?" Mwezi ulipokwisha, daftari lile lilikuwa na thamani kuliko tovuti nzima ya yule kijana, kwa sababu humo mlikuwamo mahitaji ya wateja kama wao wenyewe wanavyoyataja.

Nakushauri ufanye vivyo hivyo kabla ya kumlipa mtu yeyote hata senti. Ukiwa mshonaji, mpishi wa sherehe, fundi wa friji au mwalimu wa masomo ya jioni, andika maswali ya mwezi mmoja. Maswali hayo na majibu yake ya kweli ndiyo tovuti yako. Mengine yote ni mapambo.

Kama wateja wako huuliza kwa Kiswahili na pia kwa Kiingereza, weka ukurasa wa kila lugha peke yake, wala usizichanganye katika ukurasa mmoja. Lakini jihadhari na tamaa. Wako watakaokushauri urudie neno "kitanda" mara hamsini, au ulifiche kwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Hila hizo zimekwisha julikana zamani, na ukurasa unaozitumia huweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Wengine huuza orodha ya maneno ya kufichwa nyuma ya ukurasa. Google yenyewe ilieleza mwaka 2009 kwamba haiitumii orodha hiyo katika kupanga majibu. Mwenye kukuuzia leo anakuuzia upepo.

KILA KAZI NA UKURASA WAKE

Tovuti mpya ya jirani yangu haina kurasa nyingi, lakini kila moja ina kazi yake: ukurasa wa vitanda, ukurasa wa makabati, ukurasa wa makochi, ukurasa wa dabo deka, na ukurasa mmoja unaoeleza karakana iko wapi na inafunguliwa saa ngapi. Juu ya kila ukurasa kuna kichwa kinachosema jambo wazi, kwa mfano, "Vitanda vya mninga na mkongo, Keko, Dar es Salaam". Kichwa hicho ni muhimu sana, kwa kuwa aghalabu ndicho kinachoonekana katika orodha ya majibu, na ndicho kinachomfanya mtu abonyeze au apite. Chini yake hufuata sentensi mbili tatu za muhtasari, kisha vipimo, aina ya mbao, muda wa kazi, masharti ya malipo ya awali na gharama ya usafiri.

Na bei je? Wafanyabiashara wengi huogopa kuandika bei, wakidhani kwamba majirani wataiona na kuishusha yao. Mimi nasema, mteja aliyechoka kutoka kazini, akiwa ndani ya daladala na simu mkononi, hana subira ya kuandika ujumbe "bei gani?" na kungoja jibu hadi kesho. Kama bei hubadilika kwa ukubwa na aina ya mbao, andika inaanzia wapi, na ueleze ni kitu gani kinachoipandisha. Kufanya hivyo kutakuondolea pia wale wasioweza kuimudu, usipoteze nao muda.

Licha ya kuwasaidia wasomaji, maelezo yaliyo wazi yana faida nyingine siku hizi. Tangu mwaka 2024 Google imekuwa ikiweka, katika nchi nyingi, muhtasari ulioandikwa na akili mnemba juu ya orodha ya majibu. Muhtasari huo hukusanywa kutoka katika kurasa za watu. Ukurasa unaojibu swali moja kwa ukamilifu una cha kuupa mtambo wa namna hiyo. Ukurasa wa majigambo hauna.

PICHA, NA SIMU YA MTEJA

Wateja wetu walio wengi hawana kompyuta nyumbani. Wana simu ya mkononi. Hata Google, baada ya kazi iliyoanza kutangazwa mwaka 2016 na kutimizwa mwaka 2023, huzisoma tovuti kama zinavyoonekana katika simu. Kwa hiyo usiikubali kazi ya fundi wa tovuti kabla hujaifungua katika simu ya bei nafuu, tena ukiwa mahali ambapo mtandao ni wa shida. Je, maandishi yanasomeka bila kuyavuta? Je, namba ya simu ikibonyezwa, inapiga?

Picha ndizo zinazochelewesha. Picha kama ilivyotoka katika kamera huweza kuwa nzito kupita kiasi, na kila uzito unaoongezeka unakula bando la mteja. Kipimo kinachotolewa na Google yenyewe ni kwamba sehemu kuu ya ukurasa ionekane kabla ya sekunde 2.5 kupita. Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kuwekwa. Ziwe za kazi ya mikono yako, si zilizochukuliwa kutoka nchi za mbali, maana mteja akija akakuta kitu kingine, amekwisha poteza imani. Na kila picha iandikiwe maelezo mafupi, kama vile "kitanda cha mninga futi 5 kwa 6 chenye droo mbili." Maelezo hayo husomwa na mtambo, na husomwa pia kwa sauti na simu za ndugu zetu wasioona.

USHAHIDI WA WENGINE

Page na Brin waliongeza jambo moja lililoutofautisha mtambo wao na mingine ya wakati ule. Hawakutazama tu ukurasa unajisemea nini, bali pia ni kurasa gani nyingine zinazouelekeza. Kiungo kutoka tovuti ya mtu mwingine kilihesabiwa kama ushahidi, na ushahidi wa anayeaminika ukawa na uzito kuliko wa asiyejulikana. Mpaka leo, viungo vya namna hiyo vingali na thamani, ingawa si kipimo cha pekee.

Jirani yangu amepata kutengeneza madawati ya shule moja na vitanda vya nyumba ya wageni. Aliwaomba wenye tovuti miongoni mwao wamtaje katika kurasa zao, nao wakakubali. Hiyo ndiyo njia ya halali. Kununua viungo kwa mamia ni kununua mashahidi wa uongo, na tangu mwaka 2012 Google imekuwa na utaratibu mkali wa kuwakabili wafanyao hivyo.

Pamoja na tovuti, usisahau ramani. Google humruhusu mwenye biashara kuiandikisha katika ramani yake bila malipo, akathibitisha kwamba ni yake, akaweka saa za kazi, simu na picha. Jina, mahali na namba viandikwe kwa namna moja katika ramani, katika tovuti na katika vibao vyako. Mteja aliyeridhika aombwe aandike maoni yake kwa hiari. Usimlipe, wala usiwaandikishe wajomba na mashangazi ambao hawajapata kukalia hata kigoda chako.

MALI BILA DAFTARI

Sasa nifike kwenye jambo lililoiumiza familia ile kuliko yote. Tulipotaka kuyarekebisha makosa, tuligundua kwamba hatuna ufunguo. Yule kijana alikuwa ameiandikisha anwani ya tovuti kwa jina lake mwenyewe, na maneno ya siri alikuwa nayo yeye. Alikuwa amehama mji, na simu yake haikupatikana tena. Juma chache baadaye ada ya mwaka ikapita bila kulipwa, na tovuti ikazimika. Mama wa watu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe fedha yangu ya upatu imejenga nyumba kwa hati ya mtu mwingine." Mumewe aliinamisha kichwa. Nyumba ile haikuwa na maneno mengi kwa siku kadhaa.

Ndugu msomaji, elewa kwamba anwani ya tovuti hainunuliwi mara moja ikaisha. Hukodishwa kwa muda, na ada yake hulipwa tena muda huo unapokwisha. Kwa hapa Tanzania anwani nyingi za biashara huishia na .co.tz, zikiwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa wenzetu wa Kenya ni .co.ke. Huandikishwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Wala usidhani kwamba kwa kuwa umeandikisha jina la biashara BRELA, basi anwani ya tovuti imekuwa yako. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mtaalamu aweza kukufanyia kazi, lakini uandikishaji uwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako. Andika katika daftari la nyumbani: anwani imeandikishwa kwa nani, tovuti inahifadhiwa wapi, ada hulipwa tarehe gani. Maneno ya siri yahifadhiwe mahali pa salama panapojulikana na mume na mke. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda ukaniuliza, je, haitoshi kuwa na Instagram na WhatsApp? Kwa biashara nyingine yatosha. Mama lishe ambaye wateja wake wote ni wafanyakazi wa kiwanda kilicho mbele yake hahitaji tovuti. Anahitaji wali usioungua. Lakini mwenye kuuza kitu ambacho mtu hukinunua mara moja kwa miaka mingi, kwa kukitafuta, anahitaji mahali pake mwenyewe. Katika kurasa za makampuni hayo wewe ni mpangaji; siku wakiifunga akaunti yako, huna pa kukata rufaa kwa urahisi.

WAUZAJI WA NAFASI YA KWANZA

Mwisho, jihadhari na kila atakayekupigia simu akikuahidi kukuweka "namba moja". Google haipokei fedha kwa ajili ya kuupandisha ukurasa katika majibu ya kawaida. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekwa alama kwamba ni matangazo, na hukoma fedha inapokoma. Google hiyo hiyo imewahi kueleza kwamba kazi hii kwa kawaida huhitaji miezi minne hadi mwaka kabla ya matunda kuonekana. Tumia muda huo kusahihisha. Ipo huduma ya Google isiyo na malipo, iitwayo Search Console, inayomwonyesha mwenye tovuti watu waliandika maneno gani hata wakaiona. Iangalie kila mwezi, kama unavyohesabu mauzo.

Jirani yangu na mkewe waliianza tovuti mpya mwishoni mwa mwaka 2024, kwa jina lao wenyewe, kwa maneno ya lile daftari la mlangoni. Miezi mitano haikutokea kitu, na mimi mshauri wao nikaanza kuwakwepa njiani. Mwezi wa sita simu ikalia. Alikuwa mzazi kutoka Kigamboni, aliyetaka dabo deka ya mbao, na alitaka kujua kama wanaleta mpaka kule. Mama alipokea simu mwenyewe. Alipomaliza kuzungumza, kabla ya kumwita mumewe, alichukua daftari lake na kuliandika swali lile kwa maneno ya yule mzazi.

Cherehani ya pili hawajainunua bado. Lakini sasa, mtu akiuliza njia, yuko wa kumjibu.

Tuonane Jumapili ijayo.